Helikopta iliyonunuliwa ikiwa "tayari": kisa cha Tiger za Australia

Mwaka 2015 Jeshi la Nchi Kavu la Australia lilikuwa na helikopta 22 za mashambulizi aina ya Tiger. Kati ya hizo, 16 zilihesabiwa kuwa za kikosi cha kazi. Lengo lilikuwa kila siku zipatikane 12 nzima, zinazoweza kupaa. Wastani uliopatikana ulikuwa 3.2. Takwimu hiyo haikutoka kwa wapinzani wa serikali wala kwa kampuni iliyokosa zabuni. Ilitoka kwenye ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo, Septemba 2016, miezi mitano tu baada ya jeshi kutangaza kwamba helikopta hizo zimekamilika kwa kazi.

Nchi tajiri, yenye wahandisi wake, yenye sheria nzuri za manunuzi na marubani hodari, ilifikaje hapo? Kisa hiki kinafaa kufundishia kwa sababu hakina rushwa wala uzembe wa wazi wa kukimbilia kuulaumu. Watu walifanya kazi zao. Kosa lilikuwa kwenye swali waliloliuliza walipokuwa wanalinganisha helikopta.

Majina ya maofisa, marubani, mawaziri na wafanyabiashara nimeyaondoa kwa makusudi. Nchi, aina za helikopta na miaka nimeviacha kwa sababu ni mambo yaliyo wazi kwa umma, na bila hivyo kisa hakishikiki.

Usuli

Hadi miaka ya 1990, Australia ilikuwa bado inategemea helikopta za Huey zilizofungwa bunduki na roketi, zilizojulikana kama Bushranger, pamoja na Kiowa ndogo za upelelezi. Zote zilikuwa za enzi za Vietnam. Mradi wa kuzibadilisha ukapewa namba AIR 87.

Kilichotafutwa hakikuwa hasa mvunja vifaru. Jeshi lilitaka chombo cha kupeleleza kwanza, chenye silaha za kutosha kusindikiza helikopta nyingine na kuwasaidia askari walioko chini. Kinachopaswa kulindwa ni kaskazini ya nchi, pembe pana yenye watu wachache, na kutoka Darwin hadi Sydney ni zaidi ya kilomita 3,000. Masafa hayo yana nafasi yake katika kisa hiki, ingawa si kwa namna waliyoifikiria wakati ule.

Kwenye zabuni waliingia Boeing na Apache, Bell na Cobra mpya, Agusta na A129 ya Kiitaliano, na Eurocopter na Tiger. Tiger ilichaguliwa katikati ya 2001. Tarehe 21 Desemba mwaka huohuo ikatiwa saini mikataba miwili kwa pamoja, mmoja wa kununua helikopta 22 na mwingine wa kuzihudumia kwa miaka mingi. Naomba msomaji auweke akilini huo mkataba wa pili.

Kwa nini Tiger

Leo ni rahisi kuwacheka waliochagua. Mimi siwacheki, maana ukisoma hoja zao kama zilivyokuwa 2001 zina uzito.

Tiger ilikuwa helikopta ya tani 6 hivi, na mwili wake mwingi ni wa nyuzi za kaboni. Apache ya wakati ule ilikuwa nzito zaidi kwa mbali, na bei yake ilikuwa juu. Kwa kazi ya upelelezi, wepesi ni sifa. Halafu kulikuwa na ajira: helikopta nne za mwanzo zingeundwa Ufaransa na 18 zilizobaki zingeunganishwa Brisbane. Mzabuni aliahidi kwamba karakana ya Brisbane ingeweza kuwa kituo cha kuuzia Tiger Asia nzima. Waziri gani angelikataa hilo?

Hoja iliyobeba uzito kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa kwamba Tiger imeshabuniwa. Ufaransa na Ujerumani ya Magharibi zilikubaliana kuitengeneza tangu 1984, na iliruka kwa mara ya kwanza Aprili 1991. Kwa hiyo wizara iliiweka kwenye fungu la bidhaa zilizo tayari, yaani unalipa, unapokea, unarusha. Hatari zote za kubuni kitu kipya zingekuwa zimeshabebwa na Wazungu wa Ulaya.

Tatizo ni kwamba siku mkataba unasainiwa, hakukuwa na jeshi lolote duniani lililokuwa na Tiger ya kiwandani kwenye kikosi chake. Zilikuwepo ndege za majaribio. Kulikuwa na oda za Ufaransa na Ujerumani. Rubani wa kikosi ambaye ameshairusha kwa mwaka mzima kwenye vumbi na mvua, akarudi na orodha ya vinavyoharibika, huyo hakuwepo.

Mambo yalivyokwenda

Helikopta mbili za kwanza zilikabidhiwa Desemba 2004. Ufaransa na Ujerumani, wenye mradi, zilianza kupokea zao mwaka uliofuata. Mnunuzi aliyesema ananunua kitu kilicho tayari akawa ndiye wa kwanza kukipokea, na matatizo ya utoto wa chombo, ambayo alidhani wenzake wangeyameza, yakamwangukia yeye.

Tena haikuwa Tiger ileile ya wenzake. Ufaransa wakati huo ilikuwa inachukua toleo la kusindikiza, HAP, lenye mzinga wa milimita 30 chini ya pua na jicho la kulengea juu ya paa. Ujerumani ilikuwa na UHT, isiyo na mzinga huo kabisa, na jicho lake limesimikwa juu ya rota. Australia ilichukua umbo la HAP, kisha ikaomba jicho la paani liongezewe leza ya kuelekezea makombora, yafungwe makombora ya Hellfire ya Kimarekani, na roketi ziwe za milimita 70 kutoka Ubelgiji badala ya za 68 za Kifaransa. Kila ombi peke yake lina mantiki. Hellfire inapatikana kwa marafiki wengi wa Australia, na roketi za 70 vilevile. Ukiyajumlisha maombi hayo, unapata helikopta 22 ambazo hakuna mwingine duniani anazo.

Mafunzo yakakwama mapema. Kwenye Tiger rubani hukaa mbele na mpiga silaha nyuma, juu kidogo, na kila mmoja anaona dunia kupitia kofia inayomwonyesha picha na takwimu mbele ya macho. Kofia isipokamilika, mtu hawezi kufuzu kurusha usiku wala kulenga inavyopasa. Kofia zilichelewa. Vifaa vya kuigizia urukaji ardhini navyo vikachelewa. Helikopta zilizokwishapokewa zilipaa saa chache kuliko ilivyopangwa, kwa hiyo waalimu walikuwa wachache, kwa hiyo wanafunzi walikuwa wachache zaidi, na helikopta mpya zikaendelea kutoka Brisbane bila watu wa kuzipanda.

Juni 2007 serikali ilisimamisha malipo na kufungua rasmi mgogoro wa kimkataba. Mazungumzo yalichukua miezi kumi, na Aprili 2008 zikasainiwa hati mpya zilizopanga upya hatua za kazi na malipo yake. Kiwango cha awali cha utayari kilichotarajiwa mwaka 2007 kilifikiwa 2011, na Desemba mwaka huo helikopta ya 22 ikapokelewa.

Katika miaka hiyohiyo askari wa Australia walikuwa vitani Uruzgan, Afghanistan. Kati ya 2006 na 2010, helikopta za mashambulizi zilizokuwa zikiruka kutoka kambi ya Tarin Kowt zilikuwa Apache za Uholanzi. Ufaransa ilipeleka Tiger zake Afghanistan mwaka 2009. Australia haikupeleka hata moja, wala haijawahi kuzipeleka kwenye vita vyovyote. Askari wake walipoomba msaada wa kutoka juu, waliokuja walizungumza redioni kwa lafudhi ya nchi nyingine.

Mwaka 2012 moshi na harufu vilijitokeza ndani ya chumba cha rubani mara kadhaa, na marubani wakagoma kupaa mpaka wahakikishiwe usalama. Wanajeshi kukataa kupanda chombo chao si jambo dogo. Wasomaji wengi wa habari ile waliona utovu wa nidhamu. Mimi naona watu waliokuwa wameshachoka kuambiwa kila mwaka kwamba mwakani mambo yatakuwa sawa.

Aprili 2016 jeshi lilitangaza kwamba Tiger zimefikia utayari kamili, takriban miaka 7 nyuma ya ratiba, na tangazo lenyewe likaambatana na masharti tisa ya mambo ambayo bado hayajakaa sawa. Septemba ikaja ripoti ya wakaguzi. Mbali na ile 3.2, ripoti ilionyesha gharama za matengenezo zikiwa juu ya makadirio, vipuri vikichelewa kurudi kutoka kwenye matengenezo, na mfumo wa kupashana data ambao haukuzungumza vizuri na vyombo vingine vya jeshi. Helikopta ya upelelezi ambayo haiwezi kumtumia mwenzake kile inachokiona bila taabu imepunguziwa nusu ya kazi yake.

Maamuzi matatu

Maamuzi yalikuwa mengi, ila ninayoyaona yanafaa kupimwa ni matatu.

La kwanza ni la 2001, na nimeshaligusa. Lililokosekana pale ni uthibitisho wa neno moja tu kwenye karatasi ya tathmini, kwamba bidhaa "iko tayari". Wakaguzi walishalisema hilo kwenye ripoti yao ya mapema zaidi, ya 2006: mradi ulioingia kama ununuzi wa kitu kilichopo ulikuwa umegeuka kuwa mradi wa kubuni. Ukishaandika "tayari", kila kitu kinachofuata kinapangwa kwa dhana hiyo. Ratiba inakuwa fupi, akiba ya fedha kwa dharura inakuwa ndogo, na mafunzo yanapangwa kuanza siku ileile ndege inapofika.

La pili ni kusimamisha malipo 2007. Hili lilikuwa na ujasiri, kwa sababu karakana ya Brisbane ilikuwa na wafanyakazi, na ahadi za kisiasa zilikuwa zimeshatolewa. Lakini fedha ndicho kitu pekee alichokuwa nacho mnunuzi mkononi, na alikitumia kabla hakijaisha. Wanunuzi wengi hufanya kinyume: hulipa kila hatua kwa hofu ya kuonekana wanachelewesha, halafu wanakwenda kulalamika wakiwa mikono mitupu. Makubaliano ya 2008 hayakuitibu Tiger, ila bila hayo sidhani kama ule utayari wa 2011 ungefikiwa.

La tatu lilichukua miaka mitano. Waraka wa Sera ya Ulinzi wa 2016 ulisema Tiger zitabadilishwa kuanzia katikati ya miaka ya 2020. Mwaka 2019 serikali ikaomba taarifa kutoka kwa watengenezaji kwa ajili ya helikopta 29, na safari hii ikasisitiza chombo kilichothibitika na kukomaa. Waliojitokeza ni Boeing na Apache ya toleo la E, Bell na Viper, na Airbus, mrithi wa Eurocopter, na pendekezo la kuziboresha zilezile Tiger na kuziongezea helikopta nyepesi. Airbus ilidai kwamba kubaki na Tiger kungeokoa zaidi ya dola bilioni 3 za Australia. Januari 2021 ikatangazwa Apache.

Jambo linaloufanya uamuzi huo uwe mgumu kuuhukumu ni kwamba Tiger zilikuwa zimeanza kuamka. Mwaka 2019 zilipanda meli ya HMAS Canberra na kusafiri nayo kwenye mazoezi ya miezi kadhaa katika Bahari ya Hindi na Asia ya Kusini-Mashariki, jambo ambalo miaka mitano nyuma lingekuwa ndoto. Watu waliozihudumia kwa miaka 15 walikuwa hatimaye wamezijua, na ndipo wakaambiwa wajiandae kuziaga.

Kilichoshindikana: kulinganisha ndege badala ya ukoo wake

Ukifungua ulinganisho wowote wa helikopta za mashambulizi mtandaoni utakuta kasi, mwinuko, mzinga, idadi ya makombora, rada. Zabuni za serikali nazo huanza hivyohivyo, ila kwa karatasi nyingi zaidi. Kwa vipimo hivyo Tiger si helikopta mbaya hata kidogo. Ina wepesi wa kushangaza angani, na Wafaransa wamepigana nayo Afghanistan, Libya na Mali.

Swali ambalo halikupewa uzito wake ni hili: helikopta yangu ikiharibika, nitasimama kwenye foleni ya nani, na nitakuwa wa ngapi?

Tiger zote zilizouzwa duniani, yaani ukoo wake mzima, hazifiki 200, kwa nchi nne tu. Apache zimetengenezwa zaidi ya 2,000. Mtu anayenunua gari Dar es Salaam au Mombasa anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Anachukua Toyota, si kwa sababu ndilo gari bora duniani, bali kwa sababu kipuri kipo Kariakoo na fundi yeyote ameshalifungua. Wataalamu wa wizara wanaijua pia wanaponunua magari yao binafsi.

Fuata kifaa kimoja. Kinaharibika Darwin, kikosini. Fundi anakifungua, anakibandika lebo, kinapakiwa kwenye kasha. Hakuna karakana ya kukitengeneza nchini, kwa hiyo kinapaa kwenda Ulaya. Huko kinakuta vya Ufaransa, Ujerumani na Hispania vikisubiri, na hizo ndizo nchi zenye kiwanda, zenye oda kubwa na zenye vita vyao. Nao pia wana uhaba, maana kipuri cha chombo kinachotengenezwa kwa idadi ndogo hakikai rafuni kikingoja mteja. Wakati kifaa kiko safarini, fundi wa Darwin ana njia mbili: aiache ndege chini, au anyofoe kifaa kama hicho kwenye ndege nyingine ambayo nayo iko chini. Akinyofoa, ndege moja inapaa leo, na nyingine ambayo ilihitaji kazi ya siku mbili sasa inahitaji ya miezi. Rudia hivyo kwa miaka kadhaa, na 3.2 haitakushangaza tena.

Kisha kuna ule mkataba wa huduma uliosainiwa siku moja na mkataba wa ununuzi. Bei ya kuihudumia Tiger ilipangwa kabla hajapatikana mtu yeyote mwenye rekodi za kujua inakula vipuri kiasi gani. Makadirio yalitoka kwa muuzaji na kwenye mahesabu ya wahandisi. Hii kwangu ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika mpango wa 2001, kuliko hata uchaguzi wa ndege. Mkataba wa ununuzi hauna budi kusainiwa mapema. Wa matengenezo ya miaka mingi ungeweza kuwa mfupi mwanzoni, miaka mitatu au minne, ukapangwa upya kwa takwimu za kweli.

Lakini je, Apache peke yake ni dawa?

Hapa wachambuzi wengi husimama, wakasema "wangenunua Apache tangu mwanzo". Tuzitazame nchi tatu zilizonunua Apache.

Uholanzi iliagiza Apache 30 za toleo la D mwaka 1995. Kabla hazijatoka kiwandani, ilikodi 12 za toleo la zamani kutoka jeshi la Marekani, ikawafundishia marubani na mafundi wake. Ndege mpya zilipofika zilikuta watu wanaozisubiri. Zilikuwa ni zilezile za Marekani, bila mapambo. Hao ndio waliokuwa Tarin Kowt.

Uingereza ilichukua 67, ila ikataka zake. Ziliwekwa injini za RTM322 za Rolls-Royce na Turbomeca, na 59 kati yake ziliunganishwa nyumbani na kampuni ya Westland kule Yeovil. Injini zile zilikuwa na nguvu, na kwenye joto na mwinuko wa Afghanistan zilionyesha faida yake, hilo lisikataliwe. Lakini mwanzoni mafunzo yalichelewa kiasi kwamba helikopta mpya ziliwekwa ghalani zikingoja marubani, ugonjwa uleule wa Australia kwa chombo kingine. Na Marekani ilipohamia kwenye toleo la E, Uingereza ilibaki na ndege za aina yake peke yake. Mwaka 2016 iliagiza 50 za E moja kwa moja kutoka Marekani, safari hii na injini za Kimarekani.

Japani ilipanga kuunganisha Apache 62 kwa leseni nyumbani. Zilitoka 13, kwa bei isiyosemeka. Desemba 2022 ikatangaza kwamba itaachana na helikopta za mashambulizi na kuelekea kwenye ndege zisizo na rubani.

Jina la ndege ni lilelile, na matokeo ni matatu tofauti. Uholanzi ilinunua nafasi ndani ya ukoo mkubwa. Uingereza na Japani zilinunua ukoo mkubwa kisha zikajitenga nao, moja kwa injini na nyingine kwa kiwanda. Australia mwaka 2001 ilichukua ukoo mdogo, na ndani yake ikajitenga tena. Ndiyo maana nasema hata ingechagua Apache mwaka ule, kwa tabia ileile ya kuomba hiki na kile na kuunganisha Brisbane, ingeweza kuishia mahali kama Uingereza. Pangekuwa afadhali, lakini si pazuri.

Huku kwetu mfano wa karibu ni wa Kenya. Ilipopokea MD 530F kutoka Marekani mwaka 2020, ilikuwa imeshaendesha MD 500, ndugu yake, kwa miongo minne hivi. MD 530F si mshindani wa Apache wala Tiger, ni helikopta ndogo yenye bunduki na roketi, na wapo waliobeza. Lakini rubani na fundi walioijua MD 500 hawaanzi na herufi a.

Kilichofanya kazi

Kuna mambo Australia iliyafanya vizuri, na yasiposemwa kisa kinakuwa cha kejeli tu.

Ukaguzi ulikuwa huru na ulichapishwa. Nchi nyingi zina helikopta 3.2 kati ya 16, na raia wake hawatajua kamwe. Ripoti ya 2006 ilitangulia mgogoro wa malipo, na ya 2016 ilifanya iwe vigumu kwa yeyote kudai kwamba masharti yale tisa ni mambo madogo. Mkaguzi hakurekebisha helikopta hata moja, lakini aliondoa uwezekano wa kujidanganya.

Ununuzi wa pili ulionyesha kwamba somo liliingia. Apache 29 ziliombwa kupitia mpango wa serikali kwa serikali na Marekani, ambayo Juni 2021 iliidhinisha mauzo hayo kwa makadirio ya dola bilioni 3.5 za Kimarekani. Ni toleo la E, lilelile linaloendeshwa na jeshi la Marekani na sasa Uingereza na Uholanzi pia. Hakuna kuunganisha Brisbane. Kuna watu wa viwanda waliolalamika kuhusu ajira, na malalamiko yao yana haki. Ila hilo lilikuwa chaguo, na safari hii lilifanywa kwa macho mawili wazi.

Sina uhakika kama neno "kukomaa" halikugeuka nalo kuwa kauli ya kupitishia kila kitu, kama "tayari" ilivyokuwa 2001. Desemba 2021 serikali hiyohiyo ilitangaza kwamba itaachana na helikopta za uchukuzi za Taipan, zenye asili ya Ulaya pia, na kununua Black Hawk za Marekani. Kuna hatari ya kujifunza kwamba Ulaya mbaya, Marekani nzuri, na hilo silo kisa kinachosema. Uingereza iliteseka na ndege ya Kimarekani.

Swali lililobaki

Hoja ya Airbus mwaka 2020 ilikuwa kwamba maumivu yameshalipiwa. Kwa nini umtupe mtoto baada ya kumlea mpaka akaanza kutembea? Ni hoja nzito, na kwa fedha tupu nadhani ilikuwa sahihi.

Ila kilichotokea baadaye Ulaya kinaipunguza nguvu. Machi 2022 Ufaransa na Hispania zilitia saini mkataba wa kuziboresha Tiger zao kuwa toleo jipya. Ujerumani haikuingia. Desemba 2023 ilisaini mkataba wa H145M, helikopta nyepesi zenye silaha, ili Tiger zistaafu. Kati ya nchi nne za ukoo ule, mbili zinaondoka. Kama Australia ingebaki, Tiger zake 22 za aina ya pekee zingekuwa sasa zinaomba vipuri kutoka kwenye ukoo uliopungua, na oda ya kuziboresha ingetegemea ratiba ya Paris na Madrid.

Wakati huohuo, wapo maofisa wanaouliza kama helikopta ya mashambulizi yenyewe bado ina nafasi, wakitazama Ka-52 za Urusi zilivyodunguliwa Ukraine na uamuzi wa Japani. Kikosi cha kupokea Apache kilipangiwa kuhama kutoka Darwin kwenda Townsville, na mpango wa 2019 ulisema utayari kamili utafikiwa 2029.